Kura moja iliyobatilishwa: maisha ya Seo Jae-pil

Katika somo la mifumo ya maandishi hatukosi kusikia habari za mfalme Sejong wa Korea. Tunaambiwa kwamba mwaka 1443 alibuni herufi 28 ili watu wake wasiojua Kichina wapate kusoma na kuandika, kwamba mwaka 1446 alizitangaza rasmi, na kwamba maumbo ya baadhi ya herufi hizo yanaiga namna ulimi na midomo inavyokaa wakati wa kutamka. Somo huishia hapo. Tunatoka darasani tukiamini kwamba tangu siku ile Wakorea wote waliandika lugha yao kwa raha, na serikali yao pamoja nao.

Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipokutana na tarehe moja: 7 Aprili 1896. Siku hiyo ndipo lilipotoka gazeti la kwanza lililoandikwa kwa herufi za Sejong peke yake, bila alama za Kichina. Kutoka 1446 hadi 1896 ni miaka 450. Nilitaka kujua herufi zilikuwa wapi muda wote huo, na nani alizitoa huko. Swali la kwanza nilijibiwa upesi. La pili lilinipeleka kwenye maisha ya mtu ambaye mpaka sasa sijaamua kama nampenda.

Herufi hazikuwa zimepotea. Wanawake waliandikiana barua kwa herufi hizo, hadithi za mapenzi na za vita zilinakiliwa, vitabu vya dini vilitafsiriwa. Lakini serikali ya Joseon, ufalme uliotawala Korea tangu 1392, iliandika sheria zake, hukumu zake na kumbukumbu zake kwa Kichina cha kale. Makabaila, yaani tabaka la yangban, waliziita herufi za Sejong maandishi ya watu wa chini. Aliyetaka cheo alipaswa kufaulu mtihani mkuu wa serikali, na mtihani ule ulikuwa wa Kichina, juu ya vitabu vya Confucius na wafuasi wake. Nyumbani mtu alisema Kikorea, mbele ya karatasi alikuwa Mchina. Sisi tunaonunua vitunguu kwa Kiswahili na kuandika mtihani kwa Kifaransa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Seo Jae-pil alizaliwa mwaka 1864 huko Boseong, jimbo la Jeolla, kusini mwa nchi. Kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia: Seo ni ukoo, Jae-pil ndilo jina lake. Msomaji aweke jambo hili kichwani, maana litarudi. Alikuwa wa tabaka la yangban. Akiwa bado mtoto alitolewa alelewe na jamaa wa baba yake, kama ilivyokuwa desturi, kisha akapelekwa Seoul kwa mjomba wake asome. Alisoma vizuri. Mwaka 1882, akiwa na miaka kama 18 tu, alifaulu mtihani mkuu, ule ambao wengine waliufukuzia mpaka wakaota mvi.

Wakati huo nchi ilikuwa inavutwa huku na huku. Mwaka 1876 Japani ilikuwa imeilazimisha Korea kufungua bandari zake. Mwaka 1882 askari wa Seoul waliasi, na China, iliyojiona tangu zamani kuwa kaka mkubwa wa Korea, ikaleta majeshi mjini. Mfalme Gojong alikuwa na mabwana wengi: ukoo wa mkewe, malkia Min, pamoja na makamanda wa China na mabalozi wa Japani. Kijana Seo alivutwa na Kim Ok-gyun, afisa aliyemzidi miaka zaidi ya kumi, aliyeamini kwamba Korea ifuate njia ya Japani: iache kupeleka ushuru wa utii kwa China, ibadili jeshi, ibadili kodi, iondoe upendeleo wa koo. Kwa shauri lake Seo alikwenda Japani mwaka 1883 na vijana wengine kusomea uaskari katika chuo cha Toyama, Tokyo. Waliporudi mwaka 1884, mpango wa kufungua chuo cha kijeshi ulikwama. Wakabaki na ujuzi usio na kazi, na hasira.

Tarehe 4 Desemba 1884 palikuwa na karamu Seoul ya kufungua posta mpya. Wakubwa wa nchi na mabalozi walikuwa mezani. Moto ukawashwa nyumba ya jirani, na Min Yeong-ik, mtu wa ukoo wa malkia, alipotoka kutazama alikatwakatwa kwa upanga. Hakufa, kwa sababu daktari mmishonari wa Marekani, Horace Allen, alimtibu. Wakuu wa njama walikimbilia ikulu, wakamchukua mfalme, wakawaua mawaziri kadhaa na kutangaza serikali mpya. Seo aliwaongoza vijana wa Toyama waliomlinda mfalme, naye akapewa cheo cha naibu waziri wa vita. Alikuwa na miaka 20.

Serikali hiyo iliishi siku tatu. Tarehe 6 Desemba majeshi ya China, yapata watu 1,500, yalishambulia ikulu. Askari wa ubalozi wa Japani waliowategemea hawakufika 200, nao walirudi nyuma. Watu wa Seoul, waliotangaziwa usawa bila kuulizwa neno, waliingia mitaani wakauchoma ubalozi wa Japani. Seo, Kim na wenzao wachache walikimbilia bandari ya Incheon wakapanda meli ya Kijapani.

Nimesoma waandishi wanaoyaita mapinduzi yale alfajiri ya Korea mpya. Orodha ya mabadiliko yao ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini watu waliotaka kuitoa nchi mikononi mwa China walikuwa wamejificha nyuma ya bunduki za Japani, na hawakuwa wameandika hata karatasi moja ambayo muuza samaki wa Seoul angeweza kuisoma. Nadhani baadaye Seo mwenyewe aliliona kosa hilo, kwa sababu kazi yake kubwa ya pili ilianzia hapo hasa.

Kabla ya kuifikia kazi hiyo lazima niseme habari za waliobaki. Sheria ya Joseon ilimhesabu msaliti kuwa si mtu mmoja bali ukoo. Ndugu yake alikamatwa akauawa. Baba yake na mama yake walijiua. Mkewe pia alijiua. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama miwili, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumlisha mtoto wa msaliti, alikufa kwa njaa. Watu wanaoandika maisha ya Seo hupita hapa kwa sentensi moja, labda kwa sababu hakuna la kuongeza. Mimi nimekaa hapa muda mrefu, maana kila jambo alilofanya baadaye, hata yale yanayoudhi, naliona kupitia mtoto huyo.

Japani haikuwataka sana wakimbizi wale. Mwaka 1885 Seo alivuka bahari na wenzake wawili, Pak Yeong-hyo na Seo Gwang-beom, wakafika San Francisco bila fedha na bila Kiingereza. Naibu waziri wa vita wa siku tatu alitembea mitaani akigawa matangazo ya duka la samani. Jioni alijifunza Kiingereza kanisani. Huko alikutana na John Hollenbeck, tajiri wa makaa ya mawe kutoka Wilkes-Barre, Pennsylvania, aliyekubali kumlipia shule. Mwaka 1886 akaanza upya sekondari, miongoni mwa wavulana wa Kizungu.

Hapo ndipo alipobadili jina, na kwa wanaisimu jina hilo ni tamu. Alilisoma jina lake kinyumenyume, silabi kwa silabi. Seo Jae-pil likawa Pil-Jae-Seo, na Pil-Jae-Seo likavikwa nguo za Kizungu likawa Philip Jaisohn. Anayelitazama haraka haoni Mkorea ndani yake. Anayelijua anamwona yote, amegeuzwa miguu juu.

Mwaka 1890 akawa raia wa Marekani, Mkorea wa kwanza kupata uraia huo. Alihamia Washington na kupata kazi katika maktaba ya kitabibu ya jeshi, akishughulikia vitabu vya udaktari vya Kichina na Kijapani. Kile Kichina cha mtihani, ambacho baadaye angekifukuza kwenye gazeti lake, ndicho kilichomlisha. Usiku alisoma udaktari, na mwaka 1892 akapata shahada. Mwaka 1894 alimwoa Muriel Armstrong, binti wa familia ya Kizungu yenye jina. Mtu angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini mwaka huo huo Kim Ok-gyun aliuawa Shanghai kwa risasi, na muda mfupi baadaye Japani na China zikaingia vitani juu ya ardhi ya Korea. Japani ikashinda. Chini ya kivuli chake serikali mpya ya Seoul ilianza mabadiliko ambayo vijana wa 1884 waliyafia. Mtihani mkuu ulifutwa. Upendeleo wa makabaila ulifutwa kisheria. Hatia ya ukoo, sheria ile iliyoimaliza nyumba ya Seo, ilifutwa pia. Na amri moja ilisema kwamba sheria na maagizo yaandikwe kwa msingi wa herufi za taifa, ingawa makarani waliendelea kuchanganya Kichina kwa wingi. Jina la Seo likasafishwa, na wakuu wapya wakamwita nyumbani.

Alifika Seoul mwishoni mwa Desemba 1895. Haikuwa nchi iliyotulia. Malkia Min alikuwa ameuawa ndani ya ikulu mwezi Oktoba na watu waliotumwa na mwakilishi wa Japani. Mwezi Februari 1896 mfalme Gojong alitoroka ikulu yake akakimbilia ubalozi wa Urusi, akatawala kutoka huko mwaka mzima. Mawaziri waliomwita Seo waliuawa au walikimbia. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa raia wa Marekani na hakuna aliyetaka kumgusa. Mkataba wake ulimfanya mshauri wa baraza la serikali kwa miaka kumi, kama mgeni. Alivaa suti na kujiita kwa jina lake jipya, na Wakorea wakalirudisha jina hilo katika herufi zao likawa Pi Je-son. Jina lilikuwa limevuka bahari mara mbili na kurudi halijijui.

Kwa fedha za serikali alifungua gazeti, Dongnip Sinmun, yaani Gazeti la Uhuru. Toleo la kwanza, tarehe 7 Aprili 1896, lilikuwa na kurasa nne: tatu za Kikorea kwa herufi za Sejong tupu, na wa nne wa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Lilitoka mara tatu kwa wiki. Katika tahariri ya kwanza alieleza kwamba ameacha Kichina ili wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake, wote wasome habari zile zile, na kwamba ametenganisha maneno kwa nafasi ili jicho lisichoke. Leo hatuoni ajabu katika nafasi kati ya neno na neno. Lakini maandishi ya Kikorea yalikuwa yakishuka kama mto, bila kituo, na msomaji alitafuta mwenyewe neno linapoanza. Mwalimu wa Kizungu anayejifunza Kikorea angeweza kuhitaji nafasi hizo katika kitabu chake, lakini kuziweka katika gazeti la Wakorea wenyewe kulikuwa jambo jipya.

Nakala za mwanzo zilikuwa 300. Baadaye zilifika 3,000, na kila nakala ilipita mikono mingi, au ilisomwa kwa sauti sokoni. Gazeti liliandika juu ya hakimu aliyekula rushwa, juu ya maji machafu mitaani, juu ya wanawake kunyimwa shule, juu ya mikataba ya migodi na reli iliyotolewa kwa wageni. Karani wa wilaya aliyezoea kuiba kwa siri alijikuta ameandikwa, na wanaosoma habari zake walikuwa wakulima aliowaibia.

Ndani ya gazeti hilo palikuwa na kijana ambaye sisi wa kitivo hiki tungemjua zaidi kuliko bosi wake. Ju Si-gyeong hakuwa ametimiza miaka 20. Alifanya kazi ya kusahihisha nakala, na tatizo lake la kila siku lilikuwa hili: kwa kuwa serikali haikuwahi kuzijali herufi za Sejong, hapakuwa na tahajia moja. Kila mtu aliandika alivyosikia. Chukua neno la Kikorea la ua la bustani. Likiwa peke yake hutamkwa kkot. Likifuatwa na kiambishi cha kiima huwa kkochi. Likifuatwa na neno lenye maana ya tu huwa kkonman. Je, uandike kwa namna tatu, au utafute mzizi mmoja na kuuandika vile vile kila mahali, msomaji ajitamkie mwenyewe? Ju alichagua mzizi. Mwaka huo huo wa 1896 alianzisha palepale gazetini chama kidogo cha kutafuta tahajia moja ya herufi za taifa. Alifariki mwaka 1914, bado kijana, lakini wanafunzi wake waliendelea, na tahajia iliyotangazwa mwaka 1933 ilifuata njia yake. Jina Hangeul, ambalo sote tunaliita herufi hizo, linahusishwa naye. Ninaposikia watu wakibishana kama gazeti linaweza kuwa chuo cha isimu, namkumbuka msahihishaji huyo.

Julai 1896 ilianzishwa Jumuiya ya Uhuru, na Seo akiwa roho yake. Nje ya ukuta wa Seoul palikuwa na lango ambapo wafalme wa Korea walikwenda kuwapokea kwa heshima wajumbe wa mfalme wa China. Jumuiya ilichangisha fedha na mahali pake ikajenga Lango la Uhuru, lililoigwa kwa lango la ushindi la Paris na kumalizika mwaka 1897. Mwezi Oktoba mwaka huo Gojong alijitangaza kuwa maliki, na nchi ikaitwa dola.

Seo pia alifundisha Baejae, shule ya wamishonari wa Kimethodisti. Huko alianzisha klabu ya mijadala. Aliwafundisha vijana kusimama mbele ya watu, kuunga mkono hoja au kuipinga, kumsikiliza mpinzani mpaka amalize, kisha kupiga kura na kukubali matokeo. Katika nchi ambamo mdogo hakumkatiza mkubwa, kijana kusema hadharani kwamba hakubaliani lilikuwa jambo zito kuliko bunduki za Toyama. Mmoja wa vijana hao aliitwa Yi Seung-man. Dunia ilimjua baadaye kama Syngman Rhee.

Sasa niseme yanayoniudhi. Gazeti lililoandikwa kwa herufi za wakulima halikuwapenda wakulima walioshika silaha. Baada ya kuuawa malkia, makundi ya watu yaliyojiita majeshi ya haki yalipigana na Wajapani na na serikali iliyowatumikia, na Dongnip Sinmun liliwaona kama waasi na majambazi. Kwa Seo ustaarabu ulikuwa na anwani, nayo ilikuwa Ulaya na Marekani. Japani aliiona kama mwanafunzi hodari wa shule hiyo, na kwa miaka ile hakuiogopa vya kutosha. China aliidharau kwa maneno makali mno. Wakorea wengi walimwona mwenye kiburi, mtu anayewahurumia kutoka juu. Nadhani walikuwa na haki kwa nusu. Nusu nyingine ni yule mtoto wa 1884. Mtu ambaye nchi yake ilimmalizia nyumba yote anaporudi na kusema kwamba yeye ni mgeni, sijui tunamdai nini.

Mwaka 1898 Urusi ilitaka kisiwa karibu na Busan kwa ajili ya ghala la makaa ya meli zake. Tarehe 10 Machi Jumuiya iliitisha mkutano wa watu wote katika mtaa wa Jongno, Seoul. Walifika kama 10,000, wauza maduka na wanafunzi, na waliopanda jukwaani walikuwa watu wa kawaida. Ni vigumu kuona mkutano huo ungewezekana vipi bila miaka miwili ya gazeti. Urusi ililegea na kuwaondoa wakufunzi wake wa jeshi na mshauri wake wa fedha. Lakini ikulu iliogopa umati kuliko ilivyoogopa Urusi, na mabalozi hawakumpenda mhariri anayewasema. Serikali ikauvunja mkataba wa Seo. Yeye alidai mshahara wa miaka iliyobaki, akalipwa, na mwezi Mei akapanda meli. Wapo waliomlaumu kwa fedha hizo, nami siwashangai. Kabla mwaka haujaisha viongozi wa Jumuiya walikamatwa, mikutano ikavunjwa kwa marungu ya wachuuzi waliotumwa na wakubwa, na Jumuiya ikapigwa marufuku. Gazeti lilizimika Desemba 1899.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alifungua duka la vifaa vya ofisi na uchapaji Pennsylvania, likakua. Korea ikawa chini ya ulinzi wa Japani mwaka 1905, na mwaka 1910 ikamezwa kabisa. Lilipozuka vuguvugu la tarehe 1 Machi 1919, Wakorea wakiandamana nchi nzima kudai uhuru na kupigwa risasi, Seo aliitisha mkutano wa Wakorea wa Marekani mjini Philadelphia, tarehe 14 hadi 16 Aprili. Siku ya mwisho waliandamana hadi jengo ambamo Marekani ilitangaza uhuru wake. Baadaye alitoa jarida la kila mwezi kwa Kiingereza la kuitetea Korea. Naliona hilo kuwa la maana: mwaka 1896 alitaka kuwabadili Wakorea, akaandika Kikorea, mwaka 1919 alitaka kuwaamsha Wamarekani, akaandika Kiingereza. Wamarekani walisoma, wakasikitika, wakaendelea na shughuli zao. Duka alilolisahau kwa ajili ya siasa lilifilisika. Akiwa na miaka zaidi ya 60 alirudi chuoni kunoa udaktari wake, akaanza tena kuwatibu watu ili ale. Mkewe alifariki mwaka 1941.

Japani ilishindwa mwaka 1945, na Korea ikakatwa vipande viwili, kaskazini Wasovieti, kusini Wamarekani. Jenerali Hodge, mtawala wa kusini, hakuelewana na Syngman Rhee. Akamkumbuka mwalimu wa Rhee. Julai 1947 Seo alishuka Incheon, bandari ile ile aliyoikimbia usiku wa 1884. Alikuwa na miaka 83. Kikorea chake kilikuwa kimechakaa. Mtu aliyewapa Wakorea gazeti la lugha yao alikuwa mshauri mkuu wa utawala wa kijeshi wa kigeni, na Kiingereza kilimtoka kwa urahisi zaidi kuliko lugha ya mama yake.

Hata hivyo watu wengi walimtaka. Walichoka na ugomvi wa Rhee na wapinzani wake, na waliona mzee huyu hana chama wala kisasi. Walikusanya saini kumwomba agombee urais. Yeye alikataa.

Tarehe 20 Julai 1948 Bunge la kwanza la Korea ya kusini lilikutana kumchagua rais. Rhee alipata kura 180, Kim Gu 13, An Jae-hong 2. Kura moja ilikuwa na jina la Seo Jae-pil. Ilibatilishwa, kwa kuwa mwenye jina hilo alikuwa raia wa nchi nyingine. Kisheria ni sawa, nami ningekuwa mhesabu kura ningefanya vivyo hivyo. Uraia ule ule uliomlinda mwaka 1896, ukampa nafasi ya kuandika yale ambayo Mkorea yeyote angefungwa kwayo, ndio uliomfuta mwaka 1948.

Jamhuri ilitangazwa tarehe 15 Agosti. Seo aliondoka Seoul mwezi Septemba, mwezi ambao kaskazini ilitangaza serikali yake. Tarehe 9 Oktoba 1948, majuma manne baada ya kuondoka kwake, kusini ilitoa sheria kwamba nyaraka za serikali ziandikwe kwa Hangeul. Kaskazini nako Kichina kiliondolewa katika maandishi ya umma. Nchi mbili ambazo hazikukubaliana juu ya lolote zilikubaliana juu ya herufi.

Vita vilianza Juni 1950. Tarehe 4 Januari 1951 majeshi ya China na ya kaskazini yaliingia Seoul. Siku iliyofuata Seo Jae-pil alifariki hospitalini Norristown, Pennsylvania. Alichomwa kwa desturi ya huko, na majivu yake yalikaa Philadelphia zaidi ya miaka 40. Mwaka 1994 yalisafirishwa hadi Seoul, yakazikwa katika makaburi ya taifa.